Hofu ya Mungu Si Cheti cha Kazi

Katika matangazo ya kazi yanayobandikwa milangoni mwa maduka na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, Bukoba na Muleba kama kwingineko nchini, kuna sharti lililozoeleka kiasi kwamba halihojiwi tena: mwombaji "awe na hofu ya Mungu". Hukaa mwishoni, baada ya elimu, umri na uzoefu, na anayeliandika mara nyingi hana nia mbaya. Anatafuta mhasibu asiyechezea hesabu, muuguzi asiyemtukana mgonjwa, dada wa kazi asiyemtesa mtoto, na mahali alipokulia njia ya mkato ya kusema "mwaminifu" ni hiyo. Lakini nyuma ya sharti hilo kuna fikra pana, na ndiyo ninayoipinga hapa: kwamba mtu asiyeamini Mungu hana kinachomzuia kutenda maovu, kwamba hafai kukabidhiwa fedha, mgonjwa wala mtoto wa mtu, na kwamba mwajiri anayemkwepa hambagui bali anajilinda. Fikra hiyo haina ushahidi. Inapingana na sheria ambazo nchi hii imejitungia yenyewe. Na katika mkoa kama Kagera, ambako taasisi za dini ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa wauguzi, waganga na walimu, inawaumiza watu tusiowaona kwa sababu tumewazoesha kunyamaza.

Tuanze na uaminifu, maana ndipo hoja nzima ilipoegemea. Tanzania ni nchi ya watu wa dini. Utafiti wa taasisi ya Pew uliochapishwa 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya Watanzania 9 kati ya 10 wanaihesabu dini kuwa jambo muhimu sana maishani mwao. Maana yake ni kwamba karibu kila mtu aliyewahi kushika funguo za stoo, kitabu cha risiti au mamlaka ya kusaini hundi katika nchi hii alikuwa mtu wa dini: ana jina la ubatizo au jina la Kiislamu, anafunga Kwaresima au Ramadhani, anachangia ujenzi wa kanisa au msikiti. Kama hofu ya Mungu peke yake ingetosha kuzuia wizi kazini, taarifa ya kila mwaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ingekuwa kijitabu chembamba. Shilingi bilioni 133 za akaunti ya madeni ya nje, EPA, zilichotwa Benki Kuu katika mwaka wa fedha 2005/06, katika nchi ambayo hata Bunge hufungua kikao kwa dua. Sisemi kwamba dini ndiyo iliyowafanya wahusika wachukue fedha zile. Nasema haikuwazuia, na mwajiri anayeitegemea kama kinga anategemea kitu ambacho tumekwisha kukijaribu kwa taifa zima.

Mwaka 2019 Pew hao hao waliwauliza watu wa nchi 34 kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe na maadili mema. Nchini Kenya asilimia 95 walijibu ndiyo. Sweden waliojibu hivyo walikuwa asilimia 9. Sasa tazama kipimo cha rushwa cha Transparency International cha 2023, ambapo alama 100 ni nchi safi kabisa. Sweden ilipata 82, Kenya 31, na Tanzania yetu 40. Msomaji makini atasema mara moja kwamba Sweden ni tajiri, ina taasisi za muda mrefu na mishahara inayotosha, na kwamba hayo ndiyo yanayopunguza rushwa, si ukosefu wa imani. Nakubaliana naye kabisa, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kutoamini kunamfanya mtu awe mwema. Zinabomoa dai moja tu, kwamba pasipo hofu ya Mungu hapawezi kuwa na uaminifu. Na zinatuelekeza tutafute uaminifu pale unapojengwa kweli.

Mkulima wa kahawa wa Kamachumu au Nshamba analijua hilo kuliko waandishi wa matangazo ya kazi. Anapopeleka gunia lake la maganda kwenye chama cha msingi, haulizi karani anasali wapi. Anatazama mizani. Anataka imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, anataka kuisoma kwa macho yake kabla gunia halijashushwa, na anataka stakabadhi yenye kilo zilezile alizoziona. Karani akiwa mcha Mungu, heri. Lakini kinachomlinda mkulima ni mizani, stakabadhi, saini mbili kwenye fedha za chama na mkaguzi anayekuja bila kupiga hodi. Imani ya mtu inaweza kumsaidia yeye mwenyewe kushinda kishawishi, na wapo wengi waliosaidiwa hivyo. Siwanyang'anyi kitu hicho. Ila mwajiri haioni imani. Anachokiona ni kauli ya mwombaji kuhusu imani yake, na kauli hiyo tapeli huitoa vizuri kuliko mtu yeyote. Anayekuja kwenye usaili akiwa amekusudia kuiba hataandika kwamba hana dini. Ataandika dhehebu la mwajiri. Sharti la hofu ya Mungu kwa hiyo halimchuji mwizi. Linamchuja mtu mkweli ambaye, akiulizwa anaamini nini, hataki kudanganya. Mwajiri anayetafuta uaminifu anaanza kwa kumfukuza mlangoni mtu aliyekwisha kumwonyesha uaminifu wake.

Nchi hii iliwahi kuliona jambo hili mahali pa juu kabisa. Kingunge Ngombale-Mwiru, aliyefariki Februari 2018, alijulikana kote kuwa mtu asiyefuata dini, na alijulikana pia kwa kuapishwa bila kushika Biblia wala Kurani. Alitumikia TANU na baadaye CCM kwa miongo kadhaa, akawa mkuu wa mkoa, akawa waziri chini ya Rais Mkapa na tena chini ya Rais Kikwete. Wako waliompinga kwa itikadi yake ya kijamaa, na wengine walimkasirikia alipojitoa CCM mwaka 2015. Hayo ni malumbano ya siasa na yana nafasi yake. Lakini marais wacha Mungu, mmoja Mkatoliki na mwingine Mwislamu, walimkabidhi ofisi ya umma na siri za Baraza la Mawaziri bila kudai kwanza akiri imani. Kama kiapo chake kilitosha Ikulu, ni kazi gani ya stoo au ya maabara ambayo mtu kama yeye hafai kuifanya Muleba?

Kiapo chake kilitosha kwa sababu sheria ndivyo inavyosema. Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 34, tuliyo nayo tangu miaka ya 1960, inampa nafasi mtu anayekataa kula kiapo kwa sababu hana imani ya dini. Anaruhusiwa kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uthibitisho huo una nguvu ileile. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Mahakamani, mahali ambapo neno la shahidi linaweza kumpeleka mtu gerezani maisha, sheria ya Tanzania inasema neno la asiye na dini lina uzito sawa na la Mkristo aliyeshika Biblia. Wabunge wa miaka ile, kizazi kilichotoka moja kwa moja kwenye shule za misheni na madrasa, walijua kwamba watu wa namna hiyo wapo na hawakuwaona kuwa waongo kwa asili. Baadaye Katiba ya 1977 ikaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 ikampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha. Na tangu sensa ya 1967 serikali haijamuuliza tena mwananchi dini yake inapomhesabu. Dola imeona inaweza kupanga shule, maji na barabara za nchi nzima bila kujua nani anasali wapi.

Kuhusu kazi hasa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuacha mwanya mkubwa. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kubagua, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi kadhaa ikiwamo dini. Kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni mwajiriwa kwa madhumuni ya ulinzi huo, na kinagusa matangazo na vigezo vya kuchagua, si kufukuza tu. Mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo unahamia kwa mwajiri. Kuvunja katazo hilo ni kosa la jinai. Na kifungu cha 37 kinasema kuachishwa kazi kwa sababu za kibaguzi hakuwezi kuwa kuachishwa kwa haki. Ukilinganisha na hayo, tangazo linalodai hofu ya Mungu kwa mtunza stoo lina kasoro ya kisheria, hata kama mwandishi wake alilenga mema.

Hapa hujitokeza pingamizi la kwanza la maana. Wanasema sheria inalinda dini, na asiye na dini hana cha kulindwa. Huwezi kubaguliwa kwa kitu usichonacho. Linasikika vizuri mpaka ulifuatilie. Mtu akinyimwa kazi kwa kuwa si Mkatoliki, dini ndiyo iliyotumika kumnyima, awe ni Mluteri, Mwislamu au hana chochote. Anayebagua ndiye aliyeiingiza dini kwenye mizani, na sheria inaangalia mizani yake. Zaidi ya hapo, Katiba haisemi "dini" tu. Inasema mawazo, imani na uchaguzi, na hakuna uchaguzi pale ambapo jibu moja limefungwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Kamati ya Haki za Binadamu inayousimamia ilieleza mwaka 1993 kwamba ibara yake ya 18 inawalinda wanaoamini Mungu, wasioamini, na wasiotaka kufuata dini yoyote. Mwaka 2002 tuliridhia pia Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ubaguzi katika ajira, na sheria yetu ya 2004 inasema wazi kwamba moja ya malengo yake ni kuitekeleza mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kusema neno "dini" katika kifungu cha 7 halimgusi asiye na dini ni kuisoma sheria nje ya nyumba ilimozaliwa.

Sasa tuje Kagera yenyewe, maana hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Waluteri wa Buhaya walianza kama kundi dogo la Wahaya walioipata Injili Uganda, kabla wamisionari wa Bethel hawajafika kutoka Ujerumani mwaka 1910. Kutoka ardhi hii alitoka Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi, aliyeteuliwa 1960. Akatoka Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Wilayani Muleba, kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji kitanda na upasuaji alikuwa na hospitali za Rubya na Kagondo za Wakatoliki na Ndolage ya Waluteri. Maelfu ya watu walio hai leo walizaliwa katika wodi hizo. Anayeyadharau hayo hajui historia ya mkoa huu, na hoja yangu haihitaji kuyadharau hata kidogo. Wala sidai kwamba hospitali yoyote kati ya hizo imemfukuza mtu kwa kutoamini. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo mwajiri wa dini ni wa pili au wa kwanza kwa ukubwa katika fani fulani, sharti la dini si upendeleo wa nyumba moja tena. Tabibu wa Dar es Salaam akikataliwa hapa huvuka barabara. Wa Muleba huhama wilaya.

Watetezi wa fikra ninayoipinga wana jibu, na ni jibu zito: kanisa limejenga kwa sadaka za waumini wake, basi lina haki ya kuajiri waumini wake. Nalitenganisha jibu hilo sehemu mbili. Kazi ambayo yenyewe ni dini, kanisa au msikiti uichague kwa dini: katekista, mwinjilisti, imamu, mwalimu wa somo la dini, mlezi wa kiroho wa wagonjwa. Sheria yetu inakubali. Inasema si ubaguzi kumchagua mtu kwa sifa ambayo asili ya kazi inaidai. Lakini kazi ya kufunga mfupa uliovunjika, kusoma kipimo cha malaria, kukokotoa mishahara au kuendesha gari la wagonjwa usiku kwenye barabara ya Rubya haina dhehebu. Makanisa yenyewe yanalijua hilo, kwa kuwa hospitali zao nchini huajiri Waislamu, na wagonjwa hawajalalamika kwamba sindano iliuma zaidi. Mwislamu asiyeikubali Injili akifaa kuwa muuguzi, sababu ya kumkataa asiye na dini ni ipi? Haiwezi kuwa kwamba hakubaliani na mafundisho ya kanisa, maana hata yule hakubaliani nayo. Inayobaki ni ile fikra kwamba heri mwenye imani nyingine kuliko asiye nayo kabisa, na hiyo tumekwisha kuipima.

Sehemu ya pili ni fedha. Mwaka 1992 serikali na makanisa yalitiliana saini makubaliano ya kushirikiana katika afya na elimu, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa mwaka huohuo. Chini ya mpango wa hospitali teule, ambao Rubya iliingizwa, Hazina hulipa mishahara ya watumishi wengi na kuchangia gharama za uendeshaji. Huo ni mpango mzuri na natamani uendelee. Lakini kodi inayolipa mishahara hiyo imekatwa kwa Mkatoliki, Mwislamu, Msabato na asiyesali popote. Wanapoajiriwa watumishi wa umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka uraia, umri usiozidi miaka 45, vyeti na taaluma. Fedha ya umma ikivuka geti la misheni haibadiliki kuwa zaka. Taifa hili lilikwisha kulijibu swali kama hilo katika elimu, pale Sheria ya Elimu ya 1969 ilipozichukua shule za misheni kama Ihungo ili mtoto wa dini yoyote aingie kwa alama zake. Sipendekezi utaifishaji tena; napendekeza kanuni ileile ndani ya ubia tulio nao.

Hata Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Bethel, makanisa ni waajiri wakubwa na mgogoro huu uko wazi mahakamani. Vera Egenberger, mwanamke asiye na dhehebu, aliomba kazi mwaka 2012 katika shirika la huduma la makanisa ya Kiinjili. Ilikuwa kazi ya kuandaa ripoti kuhusu mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na hakuitwa kwenye usaili. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kanisa haliwezi kuwa mwamuzi wa mwisho wa jambo hilo: mahakama lazima iweze kuchunguza kama sharti la dini linahitajika kweli kwa kazi husika. Alipewa fidia, na mwaka 2025 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaitengua hukumu ya fidia ikiona uhuru wa kanisa haukupewa uzito unaostahili. Nalitaja hilo la pili makusudi, kwa kuwa linanipinga. Lakini tazama wanabishania nini. Wanabishana juu ya mtu anayeandika ripoti kwa niaba ya kanisa na kusema mbele ya watu kwa jina lake. Huko ni mpakani kabisa, na watu wenye akili wanaweza kutofautiana. Mpishi, mfamasia na fundi umeme wako mbali na mpaka huo.

Kuajiriwa si mwisho wa mambo. Chukua wodi yoyote ya hospitali ya misheni saa moja na nusu asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku hajalala, anakabidhi ripoti: kitanda cha tatu joto limepanda saa tisa, kitanda cha saba dripu iishe ndipo abadilishiwe dawa. Kisha inakuja sala, na katika vituo vingi sala na ripoti vimefungamana hata huwezi kutoka kwenye kimoja bila kuonekana umekitoroka kingine. Kwa anayeamini, ni faraja ya kuanzia siku. Kwa asiyeamini, ni mahali anapohesabiwa. Akifumba macho anadanganya wenzake kila siku ya Mungu. Akiyafumbua anaanza kuulizwa. Dawa yake ni rahisi: ripoti ya wagonjwa iwe lazima, sala iwe hiari, na ratiba iyatenganishe. Anayehofia kwamba nidhamu itavunjika asome hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2013 kuhusu wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa Sekondari ya Shitete, Mbozi, walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama ya juu kabisa nchini iliona adhabu ile iliingilia uhuru wao wa dhamiri. Kama dola haiwezi kumlazimisha mwanafunzi kuimba wimbo wake, mwajiri anapata wapi nguvu ya kumlazimisha mtu mzima kusali?

Pingamizi linalorudiwa kuliko yote ni kwamba hakuna mlalamikaji. Nani amewahi kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, kusema ameonewa kwa kutoamini Mungu? Ukimya huo unachukuliwa kuwa ushahidi kwamba tatizo halipo. Lakini fikiria kulalamika kunadai nini. Aliyeachishwa ana siku 30 kujaza fomu ya tume, na katika fomu hiyo aandike sababu. Bukoba ni mji ambao karani wa ofisi anamjua shangazi yako. Siku anayoandika "nimeonewa kwa kuwa siamini", anawatangazia wazazi wake, wakwe zake, jumuiya ya mama yake na kijiji atakapozikwa. Anaanza kuulizwa nani atamzika, na katika Buhaya, ambako mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo mbele ya majirani, swali hilo lina uzito kuliko fidia yoyote. Nchini Kenya, wasioamini walipothubutu kusajili chama chao Februari 2016, usajili ulisimamishwa kabla Aprili haijaisha, ikabidi waende mahakamani kuutetea. Mtu wa Muleba anasikia hayo na kufunga mdomo. Anaendelea kujaza dini ya utotoni mwake kwenye kila fomu, na sisi tunaitazama fomu hiyo na kusema: mnaona, hawapo.

Kagera ina sababu ya pekee ya kutodanganyika na ukimya wa namna hii. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana katika mkoa huu mwaka 1983. Kwa miaka mingi watu walificha hali yao kazini, na idadi ya walalamikaji ilikuwa ndogo kwa sababu kulalamika kulikuwa ndiyo kujitangaza. Walioamua kuongeza hali ya VVU katika orodha ya sheria ya 2004, na kutunga sheria mahususi mwaka 2008, hawakusubiri foleni ya walalamikaji. Walijua kwamba ubaguzi unaotisha sana hujifutia ushahidi wake. Sifananishi imani na ugonjwa. Nafananisha namna woga unavyoficha dhuluma.

Wengine wanaogopa kwamba asiyeamini akilindwa atawakejeli wenzake, atachana picha za Bikira Maria ofisini, atawaharibia wacha Mungu siku. Akifanya hivyo aadhibiwe kwa kanuni za kazi, kama anavyopaswa kuadhibiwa mlokole anayemwambia mwenzake kila siku wakati wa chai ya saa nne kwamba ataungua motoni. Ulinzi ninaoutetea ni wa pande zote. Albania mwaka 1967 ilipiga marufuku dini na kufunga makanisa na misikiti, na waumini wakateswa kwa kuamini. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ingewalinda waumini hao kwa maneno yaleyale yanayomlinda asiyeamini wa Muleba. Muumini anayeiona ibara hiyo kuwa mali yake peke yake ajiulize ingemsaidiaje siku angehamishiwa mahali ambapo yeye ndiye wachache, kama walivyokuwa Waluteri wa kwanza wa Buhaya.

Liko swali moja la dini ambalo nakubali mwajiri ana haja nalo. Anahitaji kujua mfanyakazi atataka likizo ya Pasaka au ya Idi, anakula nini kwenye sherehe ya ofisi, na akifa zamuni apigiwe nani simu, padri, mchungaji au shehe. Haja hiyo inaanza mkataba unapokuwa umesainiwa, si kabla. Basi mstari wa "Dini/Dhehebu" uondoke kwenye fomu ya maombi, na barua ya utambulisho ya paroko au mchungaji idaiwe kwa katekista, si kwa mhasibu. Mstari huo uhamie kwenye fomu ya taarifa za mwajiriwa, karibu na jina la ndugu wa karibu, uwe wa hiari, na anayeandika "sina" asiitwe kueleza. Kifungu cha 7 tayari kinamtaka kila mwajiri awe amesajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi mahali pake pa kazi. Waajiri wa Bukoba na Muleba, wa misheni, wa halmashauri na wa maduka, wanaweza kuliandika badiliko hili katika mpango huo kabla tangazo lao lijalo halijabandikwa.